Masumbuko ya kila siku na mutu anayetibiwa uzoefu wa heroini

Mutu anakuja kwa padri jioni, analia. Kwa miezi mingi hakugusa heroini. Jana ameigusa tena. Mara moja tunamuuliza: «Ulipatwa na shida gani kubwa?» Anatafuta la kujibu, haoni. Hakufiwa, hakufukuzwa kazini. Tunazani anatuficha neno, kumbe ni ulizo letu lisilofaa.

Hapa Kisangani tumezoea zaidi kusikia habari za lotoko na bangi. Lakini heroini, morfini na vidonge vya tramadoli ni jamii moja, na mapadri wetu wanatumwa mbali. Inafaa wajue ginsi ugonjwa huu unavyotibiwa.

Katika inchi za jirani dawa yake yaitwa metadoni. Hospitali ya Muhimbili, kule Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwezi wa pili wa mwaka 2011. Kenya ikafuata mwaka 2014. Metadoni inashika katika ubongo mahali palepale panaposhikwa na heroini, lakini inafanya kazi polepole na kudumu usiku na mchana. Mugonjwa akipata kipimo chake halewi, na mwili haumuumi kwa kukosa heroini. Kwa desturi anainywa mbele ya munganga kila siku.

Kila siku! Tufikiri kidogo. Anahitaji feza za gari, na mkubwa wa kazi anamutaka asubuhi ileile. Jirani anamuona akipanga mustari na wengine. Akitoka mlangoni, rafiki wa zamani anamungoja njiani. Hakuna hata moja la kuitwa musiba. Lakini yote yanarudi kesho, na kesho kutwa.

Wachunguzi wa Baltimore, kule Marekani, waliwapa wagonjwa 114 waliotumia heroini na kokaini, nao wakitibiwa kwa metadoni, mashini ndogo ya kutembea nayo. Humo waliandika papo hapo wanayoona na wanayosikia moyoni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Tamaa ya heroini ilifuatana zaidi na huzuni na hasira. Juu ya kokaini, vishawishi vilikuwa vikiongezeka saa kwa saa, muda wa saa 5 hivi mbele ya kuanguka. Na wengi waliandika nini? Kwamba walikuwa wameiona kokaini yenyewe kwa macho. Tena kwamba siku ile moyo wao ulikuwa na furaha. Furaha! Sisi tuliosoma vitabu vya maadili tulizoea kutafuta kishawishi upande wa mateso tu. Siku ya mushahara nayo ina hatari yake.

Basi muungamishi aulize mambo madogo: Jana ulipita njia gani? Ulikutana na nani? Ulikula? Ulikuwa na feza mukononi? Katekismu ya mwaka 1992, namba 1735, yakumbusha kwamba mazoea na hofu vyaweza kupunguza hatia ya tendo. Hatusemi zambi imekuwa si kitu. Twasema apimwe jinsi alivyo.

Kuna jambo moja la kuogopwa kabisa. Wakristu wengine, kwa nia njema, wanamuambia mugonjwa: «Metadoni nayo ni ulevi, uiache, usali tu.» Neno hilo laweza kuua. Mutu aliyekaa muda bila dawa hizi, mwili wake umepoteza uwezo wa kuzivumilia. Akianguka na kuchukua kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kusimama, na anakufa usiku uleule. Sala na metadoni havigombani, sawa vile sala na kinini havigombani kwa mugonjwa wa malaria.

Kwa hiyo aliyeanguka jana, arudi kwa munganga kesho asubuhi, aseme kweli, anywe dawa yake. Katekista akiweza, amusindikize kwenda na kurudi, hasa kurudi, mpaka wapite pale rafiki wa zamani anapongojea.