Mwani wa Asili wa Pwani Yetu na Nasaba Inayofifia

Maji yanapokupwa Paje au Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, huonekana kamba zilizofungwa vigingini safu kwa safu, na wanawake wakifunga vipande vya mwani. Kila kipande huitwa mbegu, ingawa kwa lugha ya baiolojia si mbegu. Ni tawi lililokatwa kutoka mmea uliotangulia, na huo nao ulikatwa kutoka mwingine, kurudi nyuma hadi mwani wa Ufilipino ulioanza kulimwa hapa mwaka 1989. Hakuna uzazi wa dume na jike katika mnyororo huo. Vipimo vya DNA vimethibitisha linalotarajiwa: tofauti za vinasaba mashambani ni ndogo mno.

Kwa tabibu, habari hiyo inatisha. Watoto wawili huumwa na mbu wa malaria katika nyumba moja. Mmoja aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja kinasaba cha selimundu mara nyingi huepuka malaria kali, mwenzake hulazwa. Jamii huokolewa na kutofanana kwake. Shamba la vipande vya mmea mmoja halina akiba hiyo.

Mwani mnene, ambao bei yake ni kubwa kuliko ya mwani mwembamba, umeshalipa gharama. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, mmea hudhoofika, na bakteria ambao kwa kawaida huishi juu yake bila madhara huushambulia. Matawi hupauka, hulainika na kukatika. Ni magonjwa nyemelezi, kama tunavyoyafahamu wodini. Sehemu nyingi za Zanzibar mwani mnene umeshindwa kustawi, na mkulima amebaki na ule mwembamba wa bei ndogo.

Hata hivyo pwani hii ilikuwa na mwani wake kabla ya wageni. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti tangu miaka ya 1970, na kabla ya kilimo watu waliuokota mwambani na kuuuza. Ndugu hao wa asili hufanana mno na wa kigeni, hata jicho haliwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Ndipo vinasaba vinapohitajika. Watafiti husoma kipande kifupi cha DNA ya mitokondria, ambacho hubadilika polepole na hivyo hubeba alama ya mahali ukoo ulikotoka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitumia njia hiyo kwa mwani mwembamba unaoota wenyewe katika pwani ya Tanzania. Palipolimwa sana, mwani huo wa porini kwa sehemu kubwa ulikuwa na alama ya Asia. Vipande vilivyokatika mashambani vilichukuliwa na mkondo, vikashika mwamba, vikaota. Nasaba ya Afrika Mashariki bado ilikuwapo, lakini si pale ambapo mtu angeitarajia kwa wingi.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Mitokondria hurithiwa upande wa mama, kwa hiyo haisemi kama mgeni na mwenyeji wamezaliana. Hilo huhitaji kusoma vinasaba vya kiini cha seli. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni ya haraka kuliko kuagiza mbegu nyingine kutoka ng'ambo, jambo linaloweza kuleta pia vimelea visivyokuwapo. Mwani uliodumu karne nyingi katika vidimbwi vya moto vya pwani hii huenda una uvumilivu ambao wa Ufilipino hauna. Bado ni dhana, na hupimwa kwa kuulima, si kwa kuusifu.

Kipande kidogo kama ukucha, kikikaushwa katika chembe za silika, hutosha kusoma DNA miaka mingi baadaye. Lakini kipande kilichokauka hakioti. Ukoo unaotakiwa kulimwa lazima ukusanywe ukiwa hai, kutoka miamba ambako bado upo.