Gofu: Kadi ya ugenini nayo ni kadi, irudishe nyumbani

Mpenzi wa gofu anayeishi Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, huhesabu safari kabla ya kuhesabu mikwaju. Viwanja vya Kongo vinavyojulikana zaidi viko Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,700 kwa ndege, na Lubumbashi, ambako nako ni zaidi ya kilomita 1,400. Uwanja wa klabu ya Toro mjini Fort Portal, nchini Uganda, uko karibu zaidi. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani ni kama kilomita 100 tu, na Kampala haifiki 300.

Lakini mstari wa ramani si barabara. Katikati kuna Ziwa Albert, bonde la mto Semliki na mpaka wa nchi mbili. Ituri yenyewe iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021 kwa sababu ya vita, na kusafiri si jambo la kuamua asubuhi na kuondoka mchana.

Anayefanikiwa kufika, akacheza na kurudi salama, anabaki na karatasi moja mfukoni: kadi ya alama. Je, kadi hiyo ina kazi yoyote kwenye klabu yake, au thamani yake imeishia kwenye geti la uwanja wa wenyewe?

Jibu la sheria za handikapu ni fupi. Kadi ya ugenini ina uzito uleule wa kadi ya nyumbani, na kuirudisha ni wajibu wa mchezaji. Asiyeirudisha anawapunja wenzake, hata kama hakuna aliyemwona.

Mizani moja kwa wote

Gofu ni kati ya michezo michache ambamo anayejifunza anaweza kushindana na bingwa, akamshinda kwa haki. Kinachowezesha hilo ni handikapu, yaani idadi ya mikwaju anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Mwenye handikapu 20 akipiga mikwaju 92, alama yake halisi ni 72. Mwenye handikapu 4 akipiga 77, yake ni 73. Hapo wa kwanza ameshinda, ingawa mikwaju yake kwa hesabu ya macho ni mingi zaidi.

Watu wa Bunia hawahitaji kufundishwa maana ya mizani. Katika nchi ya dhahabu, kila mchimbaji na kila mnunuzi anajua kwamba gramu ni lazima iwe gramu, iwe Mongbwalu au mjini. Mizani ikichezewa, biashara yote inageuka kuwa wizi. Handikapu ndiyo mizani ya gofu.

Kwa miaka mingi mizani hiyo haikuwa moja. Dunia ilikuwa na mifumo sita mikubwa ya handikapu, ikiwamo ya Uingereza, Ulaya, Marekani, Australia, Argentina na Afrika Kusini. Mchezaji aliyevuka mpaka alibeba namba ambayo wenyeji wake hawakuweza kuilinganisha vizuri na zao. Mwaka 2020 ulianza kutumika Mfumo wa Handikapu wa Dunia, uliotengenezwa na vyombo viwili vinavyosimamia sheria za gofu, The R&A na USGA. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuifanya handikapu isafiri.

Mikwaju 90 si sawa kila mahali

Handikapu inasafiri kwa sababu viwanja vyenyewe hupimwa. Uwanja uliopimwa huwa na namba mbili. Ya kwanza ni kiwango cha uwanja, yaani mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mahiri mwenye handikapu 0. Ya pili huitwa slopu. Hiyo huonyesha ni kwa kiasi gani uwanja unamwelemea mchezaji wa kawaida kuliko unavyomwelemea yule mahiri. Slopu huanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kawaida.

Ili kupata thamani ya raundi, unachukua mikwaju yako, unatoa kiwango cha uwanja, kisha unazidisha kwa 113 na kugawanya kwa slopu. Kama hali ya siku ile ilikuwa ngumu au rahisi kupita kawaida, mfumo huongeza marekebisho yake.

Chukua mfano wa viwanja viwili. Kimoja ni kigumu, kiwango chake 71.2 na slopu 125. Kingine ni chepesi, kiwango chake 68.0 na slopu 105. Mchezaji anapiga mikwaju 90 kwenye kila kimoja. Thamani ya raundi ya kwanza ni 17.0, na ya pili ni 23.7. Mikwaju ni ileile, lakini raundi ya kwanza ni bora kwa karibu mikwaju saba.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona 90 ya ugenini ni alama mbaya isiyostahili kuandikwa, kumbe kwenye mizani ni raundi nzuri kuliko 86 waliyopiga kwenye uwanja mwepesi wa nyumbani.

Wapimaji huangalia pia mwinuko. Mahali pa juu hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Kigali karibu mita 1,500, wakati Mombasa iko pwani kabisa. Uwanja ulio juu ya futi 2,000, yaani kama mita 600, hufanyiwa marekebisho kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayetoka Muthaiga kwenda kucheza Nyali haonewi, wala anayetoka pwani kwenda bara hapendelewi.

Hata vituko vya uwanja vina sheria zake. Klabu ya Jinja, kando ya Ziwa Victoria, ilijulikana duniani kwa sheria yake ya uwanjani kwamba mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji aweza kuuondoa bila adhabu. Raundi iliyochezwa kwa sheria za gofu pamoja na sheria halali za uwanja huo ni raundi kamili, na kadi yake huhesabiwa.

Kwa nini kadi hupotea njiani

Handikapu ya mchezaji ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Mfumo hautafuti wastani wa kila siku. Unatafuta uwezo ambao mchezaji ameuonyesha. Kwa sababu hiyo, kadi nzuri ndizo zenye nguvu, na kadi nzuri ndizo zinazoshawishi mtu kuzificha.

Tuseme mchezaji amepata ugenini raundi yenye thamani 13.0. Akiitia mfukoni na nafasi yake kati ya zile nane ikashikwa na raundi ya 19.0, wastani wake unapanda kwa 0.75. Akificha tatu za namna hiyo, amejiongezea zaidi ya mikwaju miwili. Kwenye mashindano ya klabu, mikwaju miwili mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kikombe na makofi.

Zawadi si haba. Sheria za wachezaji wa ridhaa zilizoanza Januari 2022 zinaruhusu zawadi ya hadi dola 1,000, ingawa kwenye mashindano ya handikapu isiwe fedha taslimu. Anayekosa zawadi hiyo kwa sababu mwenzake alificha kadi ameibiwa, na mara nyingi hatajua kamwe nani alimwibia.

Wapo pia wanaofanya kinyume. Hawa huficha kadi mbaya na kurudisha nzuri tu, ili handikapu yao ionekane ndogo na wasifiwe. Hao hujiumiza wenyewe siku ya mashindano, lakini wakipangwa kwenye timu huiangusha timu nzima.

Ugenini ni mahali pepesi pa kufanyia yote mawili. Nyumbani kamati inakujua, wenzako wanakuona, na wabeba mikoba wanakumbuka ulivyocheza shimo la 18. Ukivuka mpaka, shahidi ni mtu mmoja ambaye huenda hutakutana naye tena.

Mfumo una nyavu zake. Handikapu ikianza kupanda zaidi ya mikwaju 3.0 juu ya kiwango chako cha chini kabisa cha siku 365 zilizopita, kinachozidi hapo hukatwa nusu, na ikifika 5.0 haipandi tena. Kwa upande mwingine, ukicheza raundi iliyo bora kuliko handikapu yako kwa mikwaju 7.0 hadi 9.9, unapunguziwa mkwaju mmoja zaidi. Ikiwa ni 10.0 au zaidi, unapunguziwa miwili. Kamati ya handikapu inaweza kumwandikia aliyeficha kadi alama ya adhabu, au kumnyang'anya handikapu kabisa.

Hata hivyo, nyavu hizo humnasa mficha kadi baadaye, wakati kikombe kimeshachukuliwa.

Kadi zinazokubalika, na zisizokubalika

Si kila karatasi yenye namba inastahili kurudishwa. Kwanza, uwanja uwe umepimwa na namba zake ziwe bado zinatumika. Namba hizo kwa kawaida huchapwa kwenye kadi yenyewe, kwa kila rangi ya eneo la kuanzia. Usipoziona, uliza ofisini kabla ya kucheza.

Pili, ucheze ukiwa na angalau mtu mmoja mwingine, naye ahakiki kadi yako. Raundi ya peke yako, hata ungeicheza kama malaika, haikubaliki.

Tatu, iwe aina ya mchezo inayokubalika. Mchezo wa timu ambamo wote hupiga kisha mnachagua mpira uliokaa vizuri hauonyeshi uwezo wa mtu mmoja, na mazoezi ya kupiga mipira miwili miwili hayahesabiwi.

Mashimo tisa yanatosha. Hili ni muhimu kwa watu wa upande wetu, kwa kuwa viwanja kadhaa vya magharibi mwa Uganda, kama Fort Portal na Kilembe, ni vya mashimo tisa. Tangu marekebisho ya mwaka 2024, raundi ya tisa hugeuzwa thamani ya mashimo 18 papo hapo, kwa kujaziwa alama ambayo mchezaji wa handikapu hiyo angetarajiwa kupata. Haihitaji tena kusubiri tisa nyingine.

Shimo moja lililokuharibikia lisikufanye uichane kadi. Kwa hesabu ya handikapu, kila shimo lina kikomo: pari ya shimo, ongeza miwili, ongeza mkwaju wa handikapu unaostahili pale. Shimo la pari 4 ambalo unapewa mkwaju mmoja haliwezi kuhesabiwa zaidi ya 7, hata kama mpira ulikwenda majini mara tatu ukamaliza kwa 11.

Kutoka mpakani hadi klabu

Mkaaji wa Bunia anayetaka handikapu ni lazima kwanza awe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na shirikisho la gofu la nchi yake au la nchi jirani. Hiyo ndiyo inakuwa nyumbani kwake kwa mambo ya alama, hata kama yeye hulala ng'ambo ya ziwa. Raundi zenye jumla ya mashimo 54 zinatosha kumpa handikapu ya kwanza, na kikomo cha juu ni 54.0, kwa hiyo hakuna anayeanza aliye mbovu kupita kiasi.

Baada ya hapo, kila anapocheza ugenini, mambo ni machache. Aandike mikwaju ya kila shimo, si jumla tu. Aandike jina la uwanja, tarehe, rangi ya eneo la kuanzia, kiwango cha uwanja na slopu. Mwenzake atie sahihi. Kisha alama ziingizwe siku ileile, kabla ya saa sita usiku, kwa simu kama shirikisho lake lina programu hiyo, au zitumwe kwa katibu wa klabu pamoja na picha ya kadi. Mtandao ukigoma au mpaka ukimchelewesha, bado aitume. Kadi iliyochelewa huwekwa kwenye tarehe yake halisi, na ni bora kuliko kadi iliyopotea.

Mwenye klabu karibu na nyumba yake ana kadi nyingi za nyumbani, na chache za ugenini huchanganyika humo. Mtu wa Bunia hana anasa hiyo. Kwake karibu kila kadi ni ya ugenini, na handikapu yake yote imejengwa juu ya mikwaju ambayo wenzake wa klabu hawakuiona. Wakiiamini namba yake, wataiamini kwa sababu moja: alirudisha zote, nzuri na mbaya.