Saratani Haikungoja Korona Iishe

Machi 2020, korona ilipojaza wodi za London, kuahirisha upasuaji kulionekana busara. Kwa saratani, busara hiyo ni ghali: uchambuzi uliotoka mwaka huo katika jarida la BMJ ulionyesha kuwa kila wiki nne za kuchelewa kupasuliwa huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Hospitali za Royal Marsden, UCLH na Guy's and St Thomas' zikaungana ili upasuaji wa saratani uendelee, wagonjwa wakapangwa kwa uharaka wa hali zao, na wengine wakapasuliwa katika hospitali binafsi. Utauliza, je, wasingeambukizwa humo humo? Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, utafiti wa COVIDSurg katika nchi 55 ulikuta matatizo ya mapafu kwa asilimia 2.2 ya waliopasuliwa kwenye maeneo yaliyotengwa yasiwe na wagonjwa wa korona, dhidi ya 4.9 kwingineko. Kutenga kulilipa.