Hodi Ikipigwa Mara Mbili

Katika ofisi nyingi za huduma kwa wateja kuna kazi ambayo haimo kwenye mkataba wa mtu yeyote, nayo ni kunakili. Mhudumu amefungua madirisha mawili kwenye kompyuta. La kushoto lina malalamiko ya wateja, kila moja na namba yake, yale yanayoitwa tiketi. La kulia ni gumzo la ofisini, waliko mafundi, wahasibu na mabosi. Mteja akiandika kwamba amelipia umeme wake wa jua lakini taa haziwaki, mhudumu hunakili maneno yake, akayabandika kulia, akamsubiri fundi ajibu, kisha akalirudisha jibu kushoto. Akifanya hivyo kutwa nzima, ipo siku jibu la Asha litaingia kwenye tiketi ya Juma.

Madirisha hayo hayakuzaliwa nyumba moja. Programu ya tiketi inayojulikana sana, Zendesk, ilianzishwa Copenhagen, Denmark, mwaka 2007. Slack, programu ya gumzo, ilipatikana kwa ajali. Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch, na kwa kuwa walikaa miji tofauti walijiundia chombo cha kuwasiliana. Mchezo ulifungwa mwishoni mwa 2012, chombo kikabaki. Mwaka 2021 kampuni ya Salesforce ilikamilisha kukinunua kwa takriban dola bilioni 27.7. Kwa biashara nyingi ndogo za Afrika Mashariki, bila shaka, dirisha la kulia ni kundi la WhatsApp tu, lakini shida ya kunakili ni ileile.

Kati ya vyombo vya namna hii wakajitokeza madalali. Zapier, iliyoanza mwaka 2011 huko Columbia, Missouri, humruhusu mtu asiyejua kuandika programu kutoa amri kama hii: tiketi mpya ikiingia kule, andika ujumbe huku. Amri ni sentensi moja. Yanayotokea chini yake ndiyo yenye utamu.

Namna ya kwanza ya kupeleka habari ni ya kudodosa. Programu ya kati huenda kila baada ya muda na kuuliza: kuna jipya? Ikiuliza kila dakika 15, itafika mara 96 kwa siku, na siku nyingine itarudi mikono mitupu mara zote 96. Hata lalamiko likiwapo, kwa wastani litakuwa limekaa dakika saba na nusu kabla ya kuonwa. Namna ya pili imegeuza mwelekeo: mwenye habari ndiye anayekwenda kupiga hodi. Mpokeaji hutoa anwani yake ya intaneti mapema, na tukio likitokea, seva ya mtumaji huipeleka habari papo hapo kwenye anwani hiyo. Mwaka 2007 mtaalamu wa programu Jeff Lindsay aliipa mbinu hiyo jina la webhook, yaani kulabu ya wavuti.

Wafanyabiashara wa Kenya wanaifahamu hata kama hawalijui jina. Safaricom ina jukwaa la kuunganisha mifumo ya watu na M-Pesa, na jina lake ni Daraja. Duka la mtandaoni likiomba malipo, mteja huletewa ombi kwenye simu na kuingiza namba yake ya siri. Duka halikai likiuliza amelipa au hajalipa, bali Daraja ndilo linalopiga hodi kwenye anwani ya duka na kuleta matokeo.

Sasa, hodi imepigwa, kimya. Je, ndani hamna mtu, au mwenyeji ameitika na sauti haikufika mlangoni?

Swali hilo lina jina katika sayansi ya kompyuta: tatizo la majemedari wawili. Lilielezwa mwaka 1975, na miaka mitatu baadaye Jim Gray akalipa jina hilo. Majemedari wawili wamepiga kambi kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja watashinda. Akienda mmoja peke yake, amekwisha. Wa kwanza anamtuma tarishi: tushambulie alfajiri. Lakini tarishi anaweza kukamatwa bondeni, kwa hiyo aliyemtuma anataka jibu. Wa pili anajibu, kisha naye anaingiwa na wasiwasi kama jibu limefika, anataka jibu la jibu. Imethibitishwa kihesabu kwamba hakuna idadi ya matarishi itakayowapa wote wawili uhakika kamili. Waya mzuri zaidi hauondoi tatizo, hupunguza tu idadi ya matarishi wanaopotea.

Wahandisi hawakulitatua, walichagua hasara iliyo nafuu. Afadhali ujumbe ufike mara mbili kuliko usifike kabisa, kwa hiyo asiyejibiwa hurudia.

Slack inalionyesha hili waziwazi. Mtu akiandika kwenye chaneli, Slack huipa habari programu iliyounganishwa nayo, na hutaka iitikiwe ndani ya sekunde tatu. Isipoitikiwa, hurudia, hadi mara tatu. Tuseme programu hiyo ni ya kampuni inayouza umeme wa jua kwa mkopo, na mtambo huwashwa kwa namba maalumu anayotumiwa mteja. Fundi anaandika kwenye gumzo: mpeni namba ya siku saba. Programu inaipokea habari, inatengeneza namba, inaiandika kwenye tiketi, inamtumia mteja, ndipo inakumbuka kuitikia. Sekunde ya nne imeshapita. Slack, ikidhani haikusikika, inapiga hodi tena, na programu mtiifu inatengeneza namba nyingine. Mteja ana siku kumi na nne. Yeye hatalalamika.

Dawa yake ni ya kiduka kabisa. Muuza duka makini akionyeshwa ujumbe wa M-Pesa hatazami kiasi peke yake, hutazama pia kumbukumbu ya muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu, kwa sababu ujumbe mmoja unaweza kuonyeshwa mara mbili na pesa ni zilezile. Slack nayo hulipatia kila tukio namba yake ya pekee. Programu iliyofundwa vizuri huitikia kwanza, huandika namba ya tukio kwenye daftari lake, ndipo hufanya kazi; namba ikirudi, huitikia tena kwa adabu na kuachia hapo.

Upo mtego mwingine, nao hunasa watu wengi siku ya kwanza. Amri moja inasema kila kinachoandikwa kwenye tiketi kiende kwenye gumzo. Nyingine inasema kila kinachoandikwa kwenye gumzo kirudi kwenye tiketi. Mhudumu anaandika "sawa." Sawa inavuka, inaonekana mpya, inarudishwa, inaonekana mpya tena. Barua pepe za kujijibu zilipitia balaa hilohilo, na mwaka 2004 shirika la viwango vya intaneti, IETF, likatoa waraka namba 3834 wenye kanuni yake: ujumbe uliotumwa na mashine ubebe alama ya kusema hivyo, ili mashine nyingine isiujibu.

Si kila kitu kinafaa kuvuka. Tiketi huwa na namba ya simu ya mteja, pengine na picha ya kitambulisho, ilhali chaneli ya gumzo inaweza kuwa na watu mia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Kupeleka namba ya tiketi na kiini cha tatizo kunatosha. Anayehitaji zaidi afungue tiketi yenyewe.

Wauzaji wa programu hizi hupenda kuahidi kwamba foleni itaisha. Hapo hesabu ina neno lake, nayo pia ilitoka Copenhagen: mwaka 1909 Agner Erlang, wa kampuni ya simu ya mji huo, alichapisha hesabu za simu zinazoingia bila mpangilio, mwanzo wa nadharia ya foleni. Katika mfano ulio rahisi kuliko yote, wa mhudumu mmoja anayetumia wastani wa dakika tano kwa kila mteja, akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, mteja husubiri wastani wa dakika 20 kabla ya kuhudumiwa. Akifika asilimia 90, ni dakika 45. Asilimia 95, dakika 95. Kumwondolea mhudumu huyo kazi ya kunakili, hata iwe dakika moja tu kwa kila tiketi, ni kumshusha kutoka kwenye mlima huo. Kumjazia milio ya gumzo isiyomhusu ni kumpandisha.

Ndiyo maana muunganisho unaodumu mara nyingi ni mdogo. Tiketi inaingia usiku, ujumbe wa mstari mmoja unatokea kwenye chaneli. Anayeichukua anaweka chini yake kialama cha macho mawili, na programu inaandika jina lake kwenye tiketi. Watu wawili wakibonyeza karibu kwa pamoja, programu inamshika aliyetangulia kufika, na wa pili anapata ujumbe anaouona peke yake: "Neema ameshaichukua."