Alinyamaza Ili Wengine Wasikie

Hebu jiulize, msomaji. Umepata tiketi ya onyesho la mwanamuziki unayemhusudu kuliko wote duniani. Ukumbi ni mdogo, umekaa safu za mbele, na jamaa yuko pale peke yake na gitaa lake. Je, ungekubali kukaa saa mbili na ushee bila kupiga makofi, bila kuimba naye, bila kumnong'oneza mwenzi wako hata neno moja?

Wapo waliokubali, tena bila kulazimishwa na mtu. Waliingia na maikrofoni mbili ndogo zilizofichwa kwenye kofia au kwenye kola ya shati, mashine ya kurekodia kiunoni, na moyo unaodunda kama wa mwizi. Hao ndio walioturithisha kanda za Bruce Springsteen za mwaka 1995 hadi 1997, alipozunguka dunia bila bendi.

Kwa Kiingereza kanda za namna hii zilipewa jina lililotokana na wauza pombe ya magendo, waliokuwa wakificha chupa ndani ya buti. Na kweli ni magendo. Lakini ukizisikiliza vizuri, utagundua zina somo kubwa kuhusu mapenzi kuliko makala nyingi tunazoandika hapa kila mwezi.

BOSI BILA BENDI

Wengi tunamjua Springsteen, ambaye mashabiki humwita Bosi, kwa kelele za viwanja vya mpira. Album yake ya mwaka 1984, Born in the U.S.A., ilimfanya kuwa mmoja wa wanamuziki wakubwa kabisa wa roki duniani. Ngoma, saksafoni, jasho, watu maelfu kwa maelfu wakiimba naye.

Novemba 1995 akatoa kitu tofauti kabisa. Album ya The Ghost of Tom Joad ilikuwa ya sauti ya chini, yenye hadithi za wahamiaji wanaovuka mpaka kutoka Meksiko na wafanyakazi waliobaki mikono mitupu baada ya viwanda kufungwa. Wiki hiyohiyo akaanza ziara mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey. Aliachana na viwanja, akaingia kwenye kumbi za kawaida za maigizo. Aliendelea hivyo Marekani, Ulaya na kwingineko, mpaka alipofunga kazi Paris, Mei 1997.

Na alikuja na sharti. Mwanzoni mwa onyesho aliwaomba watu watulie. Wasipige makofi kufuata mdundo, wasiimbe naye. Alisema kwa utani utani, lakini ujumbe ulifika: nyimbo hizi zinahitaji kimya.

Kwenye kanda utasikia jinsi ilivyokuwa. Kwanza mashabiki wanalivuta jina lake, "Bruuuce", kwa namna ambayo mgeni angedhani wanamzomea. Halafu anazungumza kidogo. Halafu kimya kinashuka, kimya cha watu elfu na zaidi, mpaka unasikia mtu anakohoa safu tatu nyuma. Kikohozi hicho nacho kimeingia kwenye historia.

KILICHOMO NDANI

Kwa nini watu walihangaika hivyo? Kwa sababu ziara ilipoisha hakuna album rasmi ya maonyesho yale iliyotolewa. Ambaye hakuwepo, hakuwepo. Na yaliyokuwa yakifanyika jukwaani si yale yaliyokuwa dukani.

Chukua wimbo wenyewe wa Born in the U.S.A. Mwaka 1984 watu wengi, wakiwemo wanasiasa, waliuchukulia kama wimbo wa kujisifia uzalendo, wakati unamzungumzia askari aliyerudi kutoka Vietnam na kukuta nchi yake haina nafasi naye. Kwenye ziara hii Springsteen aliuvua nguo zote. Akaupiga kwa mtindo wa bluzi, kidude kikiteleza juu ya nyuzi za gitaa, sauti kavu, hakuna kiitikio cha kurukia. Ukiusikia hivyo huwezi kukosea tena maana yake.

Kulikuwa pia na nyimbo za kuchekesha ambazo hazikuwa kwenye album yoyote. Na kulikuwa na usiku wa tarehe 8 Novemba 1996, aliporudi Freehold, mji aliokulia, akapiga kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya Kikatoliki aliyosoma utotoni, St. Rose of Lima. Tiketi ziliuzwa kwa wakazi wa mji huo tu. Usiku huo aliimba wimbo mpya kuhusu mji wenyewe, In Freehold. Sisi wengine tungeusikia wapi, kama si kwa mtu aliyeingia na mashine kiunoni?

KAZI SI MCHEZO

Usidhani ni kubonyeza kitufe na kukaa. Kwanza kuna mlangoni: ukikamatwa, kanda inachukuliwa na pengine unatolewa nje. Kisha kuna suala la kiti. Ukikaa pembeni sana, sauti inakuja ya upande mmoja. Ukikaa karibu na walevi, umerekodi walevi.

Halafu kuna kiwango cha sauti. Ukikiweka juu mno, anapopandisha ghafla rekodi inakwaruza na hairekebishiki. Ukikiweka chini mno, unaambulia mvumo. Kwa bendi kubwa makosa madogo yanajificha. Kwa mtu mmoja na gitaa hayajifichi. Koti likisugua maikrofoni, linasikika kama radi. Ukimgeukia jirani, gitaa linahama kutoka sikio moja kwenda jingine.

Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo mrekodi alilazimika kubahatisha wakati wa kugeuza, na ole wake akigeuza katikati ya wimbo. Ndiyo maana miaka ya tisini wengi walihamia kwenye kanda za DAT, ndogo kuliko kaseti, zinazohifadhi sauti kwa tarakimu. Uzuri wake ni kwamba nakala ya kumi ilisikika sawa na ya kwanza, wakati kaseti kila ukiinakili inaongeza mvumo. Sony ilisitisha kutengeneza mashine hizo mwaka 2005, lakini sauti zilizokusanywa bado zipo.

ZAWADI AU WIZI?

Hapa ndipo pagumu, na tusipakwepe. Onyesho ni la nani? La aliyelitunga na kuliimba, au ni la wote waliokuwepo?

Springsteen mwenyewe ameonja pande zote mbili. Julai 1978, akipiga kwenye klabu ya Roxy mjini Los Angeles huku redio ikirusha moja kwa moja, aliwatania hewani wenye mashine wawashe kanda zao. Mwaka uliofuata alikuwa upande wa mashtaka dhidi ya watu wa California waliokuwa wakichapa na kuuza santuri za magendo. Na mwaka 1998 alikwenda mwenyewe mahakamani London kutoa ushahidi kuhusu rekodi zake za ujanani zilizotolewa bila ridhaa yake. Akashinda.

Sheria nayo haina utani. Mwaka 1994 Marekani iliufanya kuwa kosa la jinai kurekodi onyesho bila ridhaa ya msanii kwa nia ya kupata faida. Hata pasipo faida, msanii anaweza kudai fidia.

Wengi wa warekodi hawa walijiwekea mstari wao wenyewe: hakuna kuuza. Ukitaka nakala, tuma kanda tupu na stempu za kurudishia. Huna cha kubadilishana? Utapewa bure, nawe utampa mwingine. Aliyechukua kanda ya bure na kwenda kuiuza alitengwa kama mchawi.

Je, hilo linaondoa kosa? Mimi binafsi sidhani. Mtu ana haki ya kukosea wimbo jukwaani bila kukosea kwake kuhifadhiwa milele. Lakini kuna tofauti kati ya anayechukua ili apate na anayechukua ili agawe, na kila aliyewahi kupenda anaijua tofauti hiyo.

Kwa msanii huyu kuna jambo jingine la kufurahisha. Januari 1982 Springsteen alikaa chumbani nyumbani kwake New Jersey na mashine ndogo ya kaseti ya TEAC, akarekodi nyimbo peke yake ili baadaye azifanye na bendi. Alitembea na kaseti ile mfukoni, bila hata kasha. Bendi ilipojaribu nyimbo, uhai ukapotea, na mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyotoka kama album ya Nebraska. Kwa hiyo hata yeye anajua kwamba mara nyingine rekodi yenye mvumo ndiyo inayosema kweli.

Na tangu mwishoni mwa 2014 ameanza kuuza mwenyewe, kwa njia ya intaneti, rekodi safi za maonyesho yake ya zamani, yakiwemo ya ziara ile. Mwenye mali kafungua ghala. Leo ukitaka kusikiliza kwa haki, njia ipo.

NA ALIYEKAA PEMBENI?

Sasa mfikirie mtu asiyetajwa popote: mke, mume au mchumba aliyekaa kiti cha jirani. Amevaa, amependeza, anadhani ni usiku wa wawili. Kumbe mwenzake amekauka kama sanamu, haruhusiwi kuguswa bega wala kuulizwa "umeupenda huo?".

Ni rahisi kusema mrekodi alikuwa mbinafsi. Lakini pia aliutoa sadaka usiku wake mwenyewe. Wote ukumbini walishangilia, yeye hakushangilia. Aliwahifadhia furaha watu ambao hatawaona kamwe, na jina lake halipo kwenye kanda. Swali ni kama mwenzi wake aliulizwa kabla. Mapenzi yanaweza kubeba sadaka kubwa sana, ila yanachoka haraka na sadaka ambayo hayakushirikishwa.

Na leo sote tumekuwa warekodi. Kila mtu ana mashine mfukoni. Nenda kwenye onyesho lolote utaona msitu wa simu juu, na chini yake wapenzi wawili kila mmoja anamtazama mwanamuziki kupitia kioo chake. Tofauti ni kwamba jamaa wa mwaka 1996 alikuwa mmoja ukumbini, na alirekodi ili maelfu wasikie. Sisi tunarekodi maelfu kwa maelfu, na video nyingi hatuzitazami tena hata mara moja.

Kwa hiyo kabla ya onyesho lenu lijalo, kwanza sikieni msanii mwenyewe anasemaje kuhusu kurekodi. Akiruhusu, kubalianeni mapema: wimbo mmoja, simu moja, kisha iingie mfukoni. Anayeshika simu leo, kesho apumzike.

Na siku moja mkiwa nyumbani, jaribuni hili. Chukueni rekodi ya onyesho, zima televisheni, punguza taa, sikilizeni kuanzia makofi ya kwanza mpaka ya mwisho bila kuruka wimbo. Sikilizeni na kikohozi, na kiti kinacholia, na pumzi ya watu wanaosubiri. Kuweza kunyamaza pamoja kwa saa mbili na mwenzako, na wote mkatoka mmeridhika, si wapenzi wote wanaoliweza hilo.