Pete Miguuni mwa Ndege wa Usambara

Mkazi wa Kiriba, wilayani Musoma, akisikia "msitu wa milimani" huenda akadhani ni mahali pa juu mno kuliko kwao. Sivyo. Musoma, ukingoni mwa Ziwa Victoria, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Amani, kwenye safu ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, haizidi sana mita 900. Kinachoipa Amani msitu mnene wenye ubaridi ni mawingu ya Bahari ya Hindi yanayojigonga mlimani na kumwaga mvua.

Huko ndiko mtafiti wa Marekani, William Newmark, alipoanza mwaka 1987 kufuatilia ndege wa vichakani. Alfajiri, nyavu nyembamba hutandazwa kati ya nguzo, karibu na ardhi. Hukaguliwa kila mara, maana ndege akisahaulika wavuni aweza kufa. Aliyenaswa hunasuliwa uzi kwa uzi, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, hupimwa uzito, huvishwa pete nyepesi yenye namba mguuni, kisha huachiwa.

Pete ndiyo yenye kazi kubwa. Anayehesabu kwa macho na masikio hujua ndege waliopo leo, lakini hawezi kusema kama ni walewale wa mwaka jana au ni wageni waliojaza nafasi za waliokufa. Namba ikirudi wavuni miaka kadhaa baadaye, mwenye pete bado yu hai. Zikirudi nyingi, watafiti hukadiria wangapi huvuka mwaka.

Majibu hayafurahishi. Katika vipande vidogo vya msitu vilivyokatwa na mashamba, chai ikiwemo, viota huharibika mara nyingi zaidi kuliko kwenye msitu mpana. Uchambuzi wa takribani miaka 30, uliochapishwa 2021, ulihusisha kupanda kwa joto na kudhoofika kwa ongezeko la ndege wengi waliochunguzwa. Baadhi wamesogea juu, lakini wataenda wapi? Kilele cha Usambara Mashariki ni mita 1,500 hivi, na mashamba yamekata njia.

Nyavu nazo zina upofu wake. Ndege mmoja mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1931 kutoka Amani, hujificha juu kwenye mitambaazi iliyosokotana. Nje ya Usambara Mashariki anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Huyo hutafutwa kwa kusikilizwa.