Je, Wajua? Tingatinga Liliwahi Kupanda Jukwaani

Agosti 1985, katika ukumbi wa Superloft jijini Tokyo, Yamantaka Eye wa kundi la muziki wa kelele la Hanatarash alibomoa ukuta wa nyuma kwa tingatinga, akaingia nalo mpaka jukwaani. Watazamaji walikuwa wameshatia saini kwamba wakiumia hawatamshtaki mtu. Onyesho lilisimamishwa Eye alipotaka kurusha chupa ya petroli inayowaka. Hapo hata mimi ningekimbia!

Muziki wa kelele kali hauhitaji gitaa wala ngoma. Kipande cha bati kinatosha. Kinabandikwa maikrofoni ndogo, bapa kama sarafu, na sauti yake inapitishwa kwenye vivuruga sauti vya kukanyaga kwa mguu. Likwaruze bati kwa ukucha tu, spika zinanguruma na sakafu inatetemeka. Wengine huchomeka waya wa mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, kutoka tundu la kutolea sauti hadi lile la kuingizia. Mashine inajilisha sauti yake yenyewe, inapiga mayowe bila chombo chochote.

Lakini sikio lina kikomo: kwenye sauti ya desibeli 85, huvumilia saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Zikifika 100, una dakika 15 tu. Usiingie kwenye onyesho la kelele bila vizibo vya masikio.

Mwaka 2000, kazi za mwanamuziki wa kelele Mjapani, Masami Akita, maarufu kama Merzbow, zilitolewa katika sanduku moja la CD 50.

Nairobi nako wamo: albamu ya kundi la Duma, kelele iliyochanganywa na metali, ilitolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.